Uso wa Nelima na Tembe za Kuzuia Damu

Nelima alikuja Ruiru kujificha, akanikuta mimi.

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Februari 1995. Kliniki tuliyofanyia kazi ilikuwa na vyumba vinne nyuma ya duka la mbao, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye dirisha la kadi tangu ilipofunguliwa. Mwanamke alisimama mbele yangu akiwa amejifunika leso mpaka kwenye nyusi. Nilipomuuliza jina aliinua macho, akanitambua, akageuka kuondoka. Tulisali kanisa moja kule Kiganjo, Thika. Yeye benchi za katikati, mimi ya nyuma karibu na mlango. Alikuwa amezipita kliniki zote za Thika ili asionwe na mtu wa Kiganjo.

"Mama Barasa," nikamwambia kwa sauti ya chini, "nikishaandika kadi, haitoki kwa hii sanduku."

"Na mdomo je?"

"Mdomo pia."

Alinitazama kidogo. "Kweli wewe hata salamu ni kama unanunua," akasema. "Haya, andika."

Nikaandika. Nelima, miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Kimilili. Alikuja Thika mwaka 1983 kumfuata mumewe, Jared, aliyekuwa akitunza boila kwenye kiwanda cha nguo. Yeye pia akaajiriwa humo, kazi ya kuunga nyuzi zinazokatika mashine ikiwa inaendelea. Watoto wawili: Barasa, na msichana aliyezaliwa 1988. Shida iliyomleta ilikuwa damu ya mwezi. Tangu Desemba ilikuwa ikitoka siku kumi na mbili, mara nyingine kumi na tano, na kiwandani alikuwa akivaa nguo mbili nyeusi, moja juu ya nyingine.

Kuhusu uso hakusema neno. Lakini uso ulionekana.

Baada ya kumzaa yule msichana, mabaka mawili yalimtoka mashavuni na moja juu ya mdomo, rangi ya chai iliyokolea. Yalikuja na ujauzito na hayakuondoka nao. Kwingine pengine yangekuwa mabaka tu. Kwetu, miaka ile, kila mtu alijua mashavu meusi yana maana gani: mwanamke amejichubua. Krimu ziliuzwa sokoni kwenye vikopo. Mtu alipaka akang'aa miaka miwili mitatu, halafu mashavu yakaungua yakawa meusi kuliko alivyozaliwa. Tuliwaona wengi. Kwa hiyo tulipomwona Nelima hatukuhitaji kuuliza. Nasema sisi kwa sababu nami niliamini hivyo, na nilikuwa nikimtazama kila Jumapili.

Hakuwahi kumiliki kopo hata moja. Alijipaka mafuta ya mgando, basi. Wanawake waliokuwa wema kwake ndio walioumiza zaidi, maana walimwuliza kwa huruma, "Uliacha lini?"

Sasa nieleze jambo la kitambaa, kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki.

Kanisani kwetu kulikuwa na chama cha akina mama. Mwanamke alifundishwa mwaka mzima, akahojiwa na kamati, halafu Jumapili moja ya Oktoba akafungwa kitambaa cha buluu kichwani mbele ya watu wote. Kwa wanawake wa Kiganjo wenye mama na shangazi pale pale, kitambaa kilikuwa heshima. Kwa mwanamke aliyetoka magharibi, asiye na ndugu karibu, kilikuwa zaidi ya hapo. Ukiugua, vitambaa vya buluu vilikuja kukupikia. Ukifiwa, vilikaa kwako siku zote za matanga. Ukifa, ndivyo vilivyokuosha. Nelima alikuwa amemaliza mafunzo mara mbili, na mara mbili kamati ikamrudisha kwa sababu ya kanuni moja: mwenye kitambaa asiwe mtu wa kuharibu mwili aliopewa na Mungu. Mwenyekiti, Mama Gathogo, alimwambia kwa upole kabisa, "Uso ikipona, utakuja."

Daktari wetu alikuwa Owino. Kwa vyeti hakuwa daktari bali tabibu, lakini sote tulimwita hivyo. Alimpima Nelima akasema kuna uvimbe kwenye kizazi, na dawa yake ya mwisho ni upasuaji katika hospitali kubwa. Nelima akasema kiwandani wanaokaa nyumbani mwezi mzima hawarudi. Basi Owino akampa tembe za kuzuia damu. Jina lake refu nililinakili herufi kwa herufi: asidi ya traneksami. Alizitumia siku za damu peke yake, na kwa kuwa siku zake zilikuwa nyingi, alimeza karibu nusu ya kila mwezi.

Mimi nina tabia ya kuandika hata maneno ambayo mtu anayasema dirishani akisubiri. Tarehe tisa Mei Nelima alisema, "Hata uso imeanza kutulia, sijui ni nini." Nikaandika. Jioni Owino akatoka na kadi mkononi.

"Mwanzia, hii umeandika ni ya nini?"

"Ndiyo alisema, daktari."

Alirudi ndani na kadi. Kesho yake akaniambia kwamba chuoni mwalimu wao mmoja aliwahi kugusia jambo hilo, kwamba huko Japani mtu aliyewapa wagonjwa tembe hizo kwa ugonjwa mwingine aliona mabaka yao yakififia. Yeye alikuwa amelisahau kabisa.

Nelima alipokuja tena, Owino alimwambia mambo yalivyo. Nilikuwepo, kwa sababu aliniita nilete rula.

"Mama, hii dawa haijatengenezewa uso. Sitakudanganya ati nimeona ikifanya kwa watu wengine. Sijaona. Lakini unaimeza tayari, na uso yako inasikia. Tunaweza kujaribu kidogo kidogo kila siku, na tuangalie."

"Itanidhuru?"

"Inaweza kugandisha damu mahali haitakiwi. Mguu ukivimba, ukiuma hapa nyuma, unaacha na unakuja siku hiyo hiyo. Na zile tembe za kupanga uzazi uliniambia unameza, unaacha leo. Zenyewe zinaleta mabaka, na zikikutana na hizi ni hatari. Tutatafuta njia ingine."

Nelima hakufikiri muda mrefu. "Mimi kila siku wananihukumu na hii uso," akasema. "Jaribu."

Nilikata tembe kwa wembe, nusu ya asubuhi na nusu ya jioni, nikazifunga kwenye karatasi. Siku za damu alirudia kipimo kikubwa. Owino akamwamuru avae kofia pana juani. Kila alipokuja nilipima baka la shavu la kushoto kwa rula ya shule, na nilimuuliza mguu kabla ya kumuuliza hali. Juni lilikuwa sentimita nne na nusu. Julai halikupungua upana, ila rangi ilikuwa imechujuka. Agosti nilipata tatu, tena kwa kubahatisha, kwa sababu ukingo ulikuwa haushikiki. Mwanzo wa Septemba niliweka rula chini. Hapakuwa na kitu cha kupima.

Siku hiyo aliniomba nizime taa ya chumba changu ili kioo cha dirisha kimwonyeshe. Akajitazama upande huu, akajitazama upande ule. Nyuma yake watu walikuwa wanangoja. "Hebu ona," akasema, "nafanana na mama yangu." Halafu akacheka kwa sauti, mara ya kwanza kumsikia.

Kiwandani walicheka naye pia. Auma, aliyeunga nyuzi mashine ya jirani na aliyekuwa mwandishi wa kamati ya kitambaa, alimpigia kelele juu ya ngurumo za mashine: "Haiya, Mama Barasa! Umebadilisha uso ama umebadilisha bwana?"

"Bwana ni ule ule. Huyo ndiye anahitaji dawa!"

Ndivyo alivyokwenda mbele ya kamati kwa mara ya tatu, uso ukiwa safi, akiamini kwamba ndicho walichomwagiza.

Yaliyotokea huko niliambiwa na Auma mwenyewe. Mama Gathogo alimtazama Nelima muda mrefu. Tusimfanye mama huyo kuwa mtu mbaya. Alikuwa akiuza vitambaa vya kushona sokoni, na dada yake mdogo alikuwa ameharibika uso kwa krimu mpaka akawa hatoki nyumbani mchana. Alizichukia krimu kwa moyo wake wote.

"Umepaka nini?" akamuuliza.

"Sijapaka kitu, mama."

"Ngai! Uso haijioshi yenyewe."

"Ni tembe za daktari."

"Tembe za kumeza zinaosha uso? Mimi niko na miaka sitini na moja, hiyo dawa sijaisikia. Umerudia ile kitu, tena ya nguvu kushinda ya kwanza."

Uso mweusi ulikuwa ushahidi kwamba alijichubua zamani; uso safi ukawa ushahidi kwamba anajichubua sasa. Auma ndiye aliyependekeza, kwa nia njema, kwamba alete barua ya daktari. Kamati ingekutana tena Jumamosi.

Nelima alikuja Ruiru siku ya Alhamisi. Owino alikuwa amekwenda Siaya kumzika mjomba wake na hangerudi mpaka wiki iliyofuata. Barua za mapumziko ya kazi nilikuwa nikiziandika mimi na kugonga muhuri kwa ruhusa yake. Nikasema nitaandika na hii.

"Usiandike mengi," Nelima akaniambia.

"Barua fupi haiaminiki, Mama Barasa."

Hilo ndilo nililomjibu. Nikaandika ukurasa mzima na robo. Niliweka tarehe zote, vipimo vyote, sentimita kwa sentimita. Nilieleza kwamba mgonjwa ametibiwa kutokwa na damu nyingi kizazini kulikoanza Desemba 1994, kwamba tembe alizopewa kwa ajili ya damu zimeonekana kupunguza mabaka, na kwamba hakuna krimu yoyote iliyotumika. Nilisoma mara mbili kutafuta makosa. Hayakuwepo. Nikaifunga kwenye bahasha, naye akaibeba bila kuifungua, kwa sababu aliniamini.

Jumamosi Auma aliisoma mbele ya wanawake saba. Alipofika kwenye damu ya kizazi akasita.

"Endelea," Mama Gathogo akamwambia.

Akaendelea mpaka mwisho. Sentimita zangu hazikumshughulisha mtu. Mama Gathogo akauliza polepole, "Mama Barasa, hiyo Desemba ulikuwa na mimba?"

"Hapana, mama."

"Damu ya miezi tisa. Na Thika imejaa madaktari. Kwa nini ulienda Ruiru?"

Nelima akatazama bahasha iliyokuwa mezani. Angesema alienda kwa aibu, na hilo ndilo lililokuwa likitafutwa. Auma aliniambia kwamba hapo ndipo alipotamani aimeze ile karatasi.

Hakuna aliyetamka neno kutoa mimba ndani ya chumba kile. Nje lilitamkwa. Jumapili nilipoingia kanisani Nelima alikuwa peke yake mwanzo wa benchi, na nafasi ya watu watatu kabla ya mwingine. Jumatatu Jared alisikia habari kwenye boila, kutoka kwa wanaume. Alipofika nyumbani hakupiga kelele. Aliuliza swali moja: "Ilikuwa yangu ama ya nani?"

Nelima alimtolea kadi ndogo ya kliniki. Jared akasema karatasi za huko Ruiru zinaandikwa na mtu wa kanisa lao, zitasema anachotaka Nelima.

Nelima alikuja kutuona Novemba. Owino alikuwa amerudi na alikuwa amesoma nakala ya barua yangu. Hakunigombeza, aliirudisha tu kwenye faili na kuifunga. Nelima aliweka mezani karatasi zenye tembe zilizobaki, nusu nusu kumi na nane.

"Daktari, nataka uso yangu ya zamani."

"Hata mimi nimesikia hiyo maneno yao," Owino akasema. "Nitakuja Kiganjo mwenyewe. Nitaongea na hiyo kamati, niwaeleze."

"Mwanzia alieleza. Mmenielezea vya kutosha."

Niliangalia rula yangu.

"Sikiza," akaendelea, naye alikuwa ameshafikiri kila kitu. "Krimu ni makosa ya kusamehewa. Unasimama, unasema nilipaka, nimeacha, wanakuombea, imeisha. Ile ingine haiishi. Itanifuata mpaka kaburini, na msichana yangu ataolewa nayo. Kwa hivyo nilipaka krimu. Mabaka ikirudi wataona nimeacha."

"Lakini hukupaka," Owino akasema.

"Nani anajua? Wewe, na Mwanzia, na hiyo sanduku yake."

"Na damu? Ukiacha hizi, damu itarudi kama kwanza. Basi meza kipimo kikubwa siku za damu peke yake."

"Si ndiyo ilianza kuniosha uso? Hapana. Damu haionekani usoni."

Akanigeukia. "Na wewe, Mwanzia, barua yako ilikuwa ya uongo. Nilikuomba unifiche, ukaniandikia hadithi ya damu. Nitasema hivyo. Utakubali?"

Nimeandika maelfu ya karatasi maishani na sikumbuki nyingine niliyoifanya kwa uangalifu kuliko ile. Nikamwambia nitakubali.

Alivua kofia akaenda nayo mkononi. Mwaka uliofuata alifanya kila alichokatazwa. Mchana wa mapumziko kiwandani alikaa juani uso juu, kama mtu anayeanika mahindi, na Auma alipomwita kivulini alisema amezoea. Alikuja kliniki mara tatu tu, kila mara akiwa mwepesi zaidi, viganja vimepauka. Machi baka lilionekana. Agosti 1996 nilipima sentimita nne na nusu, shavu la kushoto, ukingo ukishikika vizuri.

Jumapili ya tatu ya Oktoba alisimama mbele ya kanisa. Alisema alikuwa akijipaka krimu kwa siri, kwamba alimwomba mtu amwandikie barua ya uongo kuhusu ugonjwa ambao hakuwa nao, na kwamba ameacha. Mabaka yalikuwa pale usoni, kila mtu akayaona. Wanawake wakaitikia kwa wimbo. Jared, aliyekuwa amekaa mwaka mzima bila kumtazama, alisimama akaenda kusimama karibu naye. Auma ndiye aliyemfunga kitambaa. Nelima alishika mgongo wa kiti wakati wote, na watu wakadhani ni uzito wa toba.

Mlangoni Mama Gathogo alinishika mkono. Macho yake yalikuwa na machozi. "Na wewe, Mwanzia, uombe msamaha. Mtu mzima mwenye mvi, kuandika uongo kuhusu mwili wa mwanamke. Karibu tumtupe bure."

"Ndiyo, mama," nikamjibu.

Siku nne baadaye Nelima alikuwa kwenye dirisha langu na kitambaa chake kichwani. Alikuwa na damu nusu ya ile anayopaswa kuwa nayo mtu. Owino alimsihi arudie tembe. Alitikisa kichwa.

"Nipe za kuongeza damu peke yake."

"Mama, hizo ni kama kujaza maji kwenye ndoo imetoboka."

"Basi nitajaza." Akaniangalia. "Andika kidogo, Mwanzia."

Niliandika tarehe, jina, na tembe za kuongeza damu.

Mwezi Mei 1997 alianguka kiwandani. Walimpeleka hospitali kubwa, akaongezwa damu chupa nne, kizazi kikatolewa. Vitambaa vya buluu vilikaa kando ya kitanda kwa zamu siku kumi na sita. Mama Gathogo mwenyewe alileta uji kila asubuhi, akamlisha kwa kijiko. Daktari wa pale aliwaeleza wazi kwamba ulikuwa uvimbe wa miaka mingi na kwamba mgonjwa amekuwa akivuja damu siku zote. Wanawake walisikia, wakahurumia, wakasema magonjwa ni mengi. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka barua yangu. Kiwandani jina lake lilikuwa limefutwa kabla hajatoka wodini.

Siku hizi anauza mboga karibu na lango la shule ya msingi. Uso ni ule ule wenye mabaka. Na kila Agosti, wasichana wa kanisa wanapofundishwa kabla ya kipaimara, Mama Gathogo humwita awaonyeshe krimu hufanya nini. Nelima husimama, huvuta kitambaa nyuma kidogo ili mashavu yaonekane, na kuwasimulia kuhusu kopo.

Nimemsikia mara mbili, kwa kuwa mimi ndiye ninayefungua na kufunga ukumbi. Mwaka 1998 lilikuwa kopo tu. Mwaka huu, 1999, lilikuwa dogo, la bati, kifuniko chekundu, na krimu yenyewe ilinuka kama ndizi iliyoiva sana. Aliwaambia alivyolificha ndani ya gunia la makaa. Aliwaambia jinsi ngozi ilivyowasha usiku wa kwanza. Wasichana walikuwa wamekunja nyuso. Binti yake mwenyewe alikuwa kwenye safu ya mbele, miaka kumi na mmoja, akiandika kwenye daftari.

Msichana mmoja akainua mkono. "Na ulikuwa unainunua wapi, mama?"

Hilo lilikuwa bado halijaulizwa. Nelima alitazama mwisho wa ukumbi, mlangoni, nilipokuwa nimesimama na ufunguo.

"Ruiru," akasema.